Waliopaswa Kuambiwa

Kazi yangu ni kuingia mahali pa watu bila kualikwa. Nimeifanya hapa Isiolo mwaka wa kumi na moja sasa: machinjio, hoteli, maduka ya dawa, mabweni ya shule, zahanati. Nafungua makabati, nanusa masinki, nauliza takataka zinapelekwa wapi. Watu hunikaribisha chai huku wakitamani niondoke. Mama yangu, ambaye babu yake aliletwa huku akiwa askari Msomali wa Mwingereza na hakurudi kwao tena, huwaambia wageni kwamba binti yake alisomea kukasirisha watu. Husema hivyo akinimiminia chai, kwa hiyo sijawahi kujua kama ananilaumu au anajisifu.

Miaka michache iliyopita kliniki ya kunyoosha meno ilifunguliwa kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo moja linalotazama barabara kuu. Mji ulifurahi. Kabla ya hapo, mtoto aliyetaka kufungwa nyaya za meno alipelekwa Meru au Nairobi, na akirudi huko kila mwezi kukazwa nyaya, mzazi mmoja alipoteza siku nzima ya kazi. Daktari mwenyewe alikuwa mtoto wa hapa, baba yake ana malori ya kwenda Moyale. Alisomea mambo hayo ng'ambo akarudi nyumbani wakati wenzake wengi hawarudi. Watu walimwita daktari wetu, na mimi pia nilimwita hivyo.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na minne. Meno yake ya mbele yalikuwa yamepandana, na wenzake shuleni walikuwa wamempa jina ambalo silirudii. Nilimpeleka kwa daktari wetu. Alifungwa nyaya, akalia siku mbili kwa maumivu, kisha akazizoea.

Miezi minane baadaye orodha ya ukaguzi ilitoka na kliniki ile ilikuwa ndani. Nilienda kwa mkubwa wangu, mzee Mmeru aliyekuwa karibu kustaafu, nikamwambia mtoto wangu anatibiwa pale, ampe mtu mwingine kazi hiyo.

"Mtu gani?" aliniuliza. "Mmoja ako kwa likizo ya kujifungua. Mwingine ako Merti kwa kazi ya kipindupindu. Andika kwa fomu kwamba mtoto wako ni mgonjwa wao, uende."

Niliandika kwenye mstari wa kwanza kabisa, kabla hata ya tarehe.

Nilifika asubuhi ya Jumanne. Upepo ulikuwa umeamka mapema na vumbi lilikuwa limenifuata hadi juu ya ngazi. Daktari alinipokea mlangoni. Tulisalimiana kwa salaam aleikum, akatabasamu.

"Leo umekuja kama mama ama kama serikali?"

"Kama serikali," nilisema.

"Basi serikali ikaribie."

Nitasema ukweli kuhusu kliniki ile, kwa sababu baadaye watu walisema niliingia nikitafuta kosa. Nilitafuta kosa, ndiyo, hiyo ndiyo kazi. Lakini kwa saa nzima sikulipata. Leseni zilikuwa sawa. Sinki ya kunawia mikono ilikuwa na maji na sabuni. Sanduku la sindano halikuwa limejaa kupita alama. Chumba cha eksirei kilifungwa vizuri na aproni ya kukinga miale haikuwa na ufa. Dawa za dharura hazikuwa zimepita muda. Niliweka tiki moja baada ya nyingine na moyoni nilikuwa nikishukuru.

Kilichobaki ni chumba kidogo cha nyuma, mahali ambapo koleo na vifaa vingine vinavyoingia midomoni mwa watu huoshwa na kupikwa kwa mvuke. Mashine ya mvuke ilikuwa mpya na inang'aa. Aliyekuwa akiisimamia ni msaidizi wa daktari, mwanamke Mturkana kutoka Ngare Mara, mkimya, mwenye mikono ya haraka. Niliomba kitabu cha kumbukumbu. Kila siku ilikuwa imeandikwa "sawa." Nilifungua kurasa za nyuma. Mpaka mahali fulani maandishi yalikuwa ya mikono tofauti, kalamu tofauti, hapa bluu, hapa nyeusi. Halafu kuanzia siku moja yakawa ya mkono mmoja na kalamu moja, sawa, sawa, sawa, kama mtu aliyeyaandika yote kwa kikao kimoja.

"Iwashwe nione," nilisema.

"Kuna wagonjwa wanangoja," daktari alisema.

"Nitangoja pia."

Msaidizi alitia koleo kwenye pakiti, akafunga kila pakiti kwa utepe wa kupimia. Utepe huo una mistari myeupe inayogeuka myeusi joto la mvuke likifika panapotakiwa. Usipogeuka, vifaa havijaiva. Mashine ilinguruma. Baada ya muda nikaona mvuke ukitoka taratibu chini ya mlango wake. Ilipolia kwamba imemaliza, msaidizi aliifungua, akaweka pakiti mbele yangu. Mistari ilikuwa myeupe kama ilivyoingia.

"Pengine huo utepe ni wa zamani," daktari alisema.

Mimi hubeba utepe wangu kwenye mkoba. Nilimpa msaidizi kipande, tukarudia. Haukugeuka.

Hapo ndipo yule mwanamke alipofanya jambo ambalo sikumwomba. Alivuta droo ya chini, akatoa daftari la shule, lile la miraba la hesabu. Ndani alikuwa amebandika vipande vya utepe, kimoja kwa kila siku ya kazi, na tarehe pembeni. Vya mwanzo vilikuwa vyeusi. Kisha kulikuwa na siku chache za kijivu. Kisha vikawa vyeupe, ukurasa baada ya ukurasa, wiki saba nzima.

"Mimi nilimwambia daktari," alisema akitazama ukuta. "Hiyo kitabu ingine ni yeye aliandika."

Daktari hakumkaripia. Alikaa kwenye kiti kidogo cha magurudumu, akavua barakoa.

"Ni mpira wa mlango," aliniambia. "Umekatika. Nimeagiza mwingine, unatoka mbali. Nifanye nini, dada? Nifunge? Hawa watoto wana waya mdomoni. Nisipowakaza kwa wakati, meno yanarudi pale yalikuwa. Tunalowesha vyombo kwa dawa."

Nilisoma kibandiko cha dawa. Ili iue kila kitu, vifaa vinatakiwa kulala ndani yake kwa saa kumi nzima.

"Vinakaa kwa muda gani?"

"Inategemea wagonjwa ni wangapi," alisema, na akageuzia macho kibandiko, kwa sababu alikuwa msomi na alisikia mwenyewe alichosema.

Nilikuwa nikihesabu. Ndani ya wiki zile saba binti yangu alikuwa amekalia kiti cha wagonjwa mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama hapo hapo kando yake, nikiangalia koleo likiingia mdomoni mwake, nikimwambia atulie. Mimi, mkaguzi. Niliona haya hata kumtazama yule msaidizi.

Nilifunga chumba cha matibabu siku hiyo hiyo, nikabandika karatasi mlangoni. Daktari hakubishana juu ya hilo. Vita vilitokana na jambo jingine.

Ripoti yangu ilikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza, kliniki ibaki imefungwa hadi mashine itengenezwe na kupimwa. La pili, kila mtu aliyetibiwa ndani ya wiki zile saba aitwe, aambiwe kilichotokea, apimwe ugonjwa wa ini unaoambukizwa kwa damu na virusi vya ukimwi bila malipo. Mkubwa wangu alisoma akiwa amesimama dirishani. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya pendekezo la pili.

"Madam, hii ya kwanza ni sawa," alisema. "Hii ya pili itachoma mji."

"Mji umeshachomwa, haujui tu."

"Kuna mtu amegonjeka?"

"Hatujui. Hatujawapima."

"Sasa unataka kuambia wazazi maneno yenye wewe mwenyewe hujui. Watakimbia hospitali zote. Wataanza kusema mtoto wa fulani ana virusi. Huyo daktari atarudi Nairobi na hawa watoto watabaki na waya mdomoni hakuna mtu wa kutoa. Umefikiria hiyo?"

Nilikuwa nimeifikiria. Hakuwa mjinga, na hofu yake haikuwa ya uongo. Lakini nilimwambia neno ambalo sijalifuta hadi leo: kwamba mtu ambaye mwili wake umewekwa hatarini ana haki ya kujua, hata kama kujua huko kutatuudhi sisi wengine. Nikamwambia pendekezo la pili likiondolewa, sahihi yangu itaondoka nalo, na bila sahihi yangu hakuna ripoti, na bila ripoti kliniki haiwezi kufunguliwa tena.

"Naweza kukuhamisha," alisema polepole.

"Nihamishe kesho. Leo bado niko Isiolo."

Jioni nilimwambia binti yangu, kabla hajasikia kwa mtu. Tulikuwa tumekaa kwenye baraza, anafanya kazi ya shule. Nilimweleza kuhusu mashine, utepe, dawa ya kuloweshea. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulijua hiyo mahali ni pabaya?"

"Sikujua."

"Lakini si wewe ndio mkaguzi?"

Nimeshatukanwa na wachinjaji, na mwenye hoteli mmoja alinimwagia maji ya vyombo miguuni. Hakuna neno lililowahi kunipata kama hilo. Sikujitetea. Nilimwambia ni kweli, na kwamba tutaenda kupimwa, na kwamba kila mwingine ataitwa kama yeye. Aliinama kwenye daftari lake, hakunisemesha tena usiku huo wala kesho yake.

Siku ya pili baba wa daktari alikuja nyumbani kwa mama yangu na wazee wawili wa ukoo. Waliketi kwenye zulia, wakapewa chai ya maziwa ya ngamia na maandazi. Niliitwa. Walizungumza kwa upole, jinsi watu wetu wanavyozungumza wanapotaka uone aibu ukiwakatalia. Walisema kijana alikosea lakini ni kijana wetu. Walisema mashine itatengenezwa, na jambo likishatengenezwa halina haja ya kutangazwa sokoni. Walisema mimi ni binti yao, na mtoto haumbui nyumba yake.

Nilimtazama mama. Nilitegemea aniambie nitii, kwa sababu baba wa daktari alimsitiri wakati baba yangu alipofariki, na hilo halisahauliki kwetu. Nilikuwa tayari kumkatalia hata yeye.

Mama aliweka kikombe chini.

"Mjukuu wangu alikaa kwa hicho kiti," alimwambia mzee. "Kama huyu binti yangu angenyamaza, mimi ningeambiwa na nani?"

Mzee alirudisha andazi lake kwenye sahani.

"Mimi nakuheshimu," mama aliendelea. "Ulinizikia mume. Lakini unaniuliza nifiche kitu mama wengine wasijue, na mimi mwenyewe nimejua. Hiyo siwezi. Kunywa chai, inapoa."

Walimaliza chai. Walipoondoka mzee alimpa mama mkono lakini mimi hakunitazama. Mama alikusanya vikombe, akaniambia nipeleke maandazi yaliyobaki jikoni, na hatukulizungumzia tena.

Asubuhi iliyofuata mkubwa wangu alinirudishia ripoti. Mstari wake ulikuwa bado juu ya pendekezo la pili, lakini chini yake alikuwa ameandika kwamba limekubaliwa.

"Nahitaji hiyo sahihi yako, lakini hizo simu za kuita watu utapiga wewe," alisema. "Kwa jina lako. Wakikasirika, wakukasirikie."

"Sawa," nilisema.

Tulipewa chumba kidogo kwenye hospitali, karibu na maabara, chenye meza moja na viti viwili. Msaidizi wa daktari alikuja na kitabu cha miadi akiwa amekifunga kwenye leso. Niliogopa kwamba alikuwa ameshafukuzwa. Alisema hapana, bado, na hata akifukuzwa atamaliza kazi hii kwanza. Majina yalikuwa zaidi ya sitini. Tuligawana: yeye alichukua wale waliozungumza Kiturkana na Kimeru, mimi nikachukua Kisomali na Kiborana, na Kiswahili tukakibeba wote wawili.

Sikuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kuna waliolia. Kuna aliyenihubiria Biblia hadi simu yake ikakatika. Mwanamke mmoja wa Kinna alinishukuru kabla sijamaliza sentensi, akakata simu, na saa tatu baadaye nikamwona mlangoni na watoto wake watatu, ingawa mmoja tu ndiye aliyekuwa na nyaya. Baba mmoja alikuwa na mifugo upande wa Gotu, sauti yake ikija na kupotea.

"Mtoto ni mgonjwa?" aliuliza.

"Hatujui. Ndiyo maana tunataka kumpima."

"Sasa kama hujui mbona unanitisha?"

"Kwa sababu ni mtoto wako," nilimwambia. "Si wangu, na si wa daktari."

Nilimsikia akimwita mtu amwangalizie mifugo. Kisha akaniuliza saa ya kufika.

Siku ya tatu mlango ulifunguliwa, daktari akaingia. Hakutoa salaam. Alivuta ndoo iliyokuwa pembeni, akaigeuza, akaikalia, akanyoosha mkono kwa msaidizi wake. Msaidizi alinitazama. Nilitikisa kichwa kukubali, akampa ukurasa. Akapiga simu ya kwanza.

"Ni mimi daktari wa meno," alisema. "Mashine yangu ya kusafisha vyombo iliharibika, na mimi niliendelea kufanya kazi. Naomba umlete mtoto apimwe."

Alisema maneno hayo hayo kwa kila mtu. Hakutaja mpira uliokatika wala kwamba mwingine unatoka mbali. Mahali walipomtukana alishika simu karibu na sikio akangoja wamalize. Nilikuwa nimemkasirikia sana, na sikuacha kumkasirikia, lakini nilijua watu wengi wenye vyeo ambao wasingekalia ndoo ile.

Binti yangu alienda maabara Ijumaa baada ya shule, akiwa bado hajaniongelesha vizuri. Ukumbi ulikuwa umejaa watoto wa umri wake, wengine wakijificha nyuma ya mama zao, wakiogopa kuonana. Nilitaka kumpitisha mlango wa nyuma. Wafanyakazi wote wananijua. Alikataa. Alienda akasimama mstari wa mbele, akakunja mkono wa sare, akaketi, akatazama sindano ikiingia. Msichana mmoja wa darasa lake alipomwona alitoka nyuma ya mamake akasimama kwenye mstari. Halafu mwingine.

Majibu ya wote yalitoka mazuri isipokuwa ya mtu mmoja. Alikuwa mwalimu, mtu mzima, aliyeamua kunyoosha meno baada ya miaka mingi ya kutaka. Alipatikana na ugonjwa wa ini. Hakuna aliyeweza kusema aliupata wapi. Daktari wa hospitali alisema huenda alikuwa nao tangu utotoni, na huenda sivyo. Mkubwa wangu aliniambia, "Umeona sasa ulichomletea huyo mtu?" Nilimwambia nilichomletea ni dawa, ambazo alikuwa ameanza kunywa wiki ile. Nimekutana na mwalimu huyo mara kadhaa. Siku moja alinisimamisha karibu na stendi akaniambia kuna asubuhi ananishukuru na kuna asubuhi anatamani nisingempigia. Nilimwambia zote mbili nazipokea.

Tulirudia kuwapima baada ya miezi kadhaa, kwa sababu magonjwa mengine hujificha. Hakuna mwingine aliyepatikana.

Mpira wa mlango ulifika. Niliikagua kliniki mara tatu kabla ya kutia sahihi, na mara ya tatu nilienda bila kutoa taarifa. Daktari hakuwa amemfukuza msaidizi wake. Sikuuliza kwa nini, lakini nilimkuta yule mwanamke amefunga kitabu cha kumbukumbu kwenye kabati na ufunguo ukining'inia shingoni mwake. Nilipomwomba daktari anionyeshe, alisema, "Mwombe yeye. Mimi sigusi hicho kitabu."

Kwenye faili langu ofisini kuna barua ya onyo, kwamba nilisababisha hofu kwa umma. Niliijibu kwa aya moja. Nilisema hofu ilikuwepo tayari, ilikuwa imefungiwa chumba cha nyuma. Hawakunihamisha. Mkubwa wangu alistaafu, na kwenye karamu ya kumuaga aliniita mezani kwake, akaniwekea kipande cha nyama kwenye sahani, akaniambia mimi ni mtu mgumu. Nilikula.

Wiki ambayo kliniki ilifunguliwa tena nilimrudisha binti yangu. Chumba cha kungojea kilikuwa na watu watatu tu, mahali ambapo zamani watu walikosa viti. Mwanamke mmoja ninayemjua, muuza maziwa ya ngamia, alikuwa akipita ngazini akielekea juu kwa mpiga picha. Alituona, akasimama.

"Wewe si ndiye uliyeifunga?" aliniuliza.

"Ni mimi."

"Na unamleta mtoto wako hapa hapa?"

"Hapa ndipo ninapopajua," nilisema. "Kuliko mahali pengine popote katika mji huu."

Alinikazia macho, kisha akaenda zake. Msaidizi alitoka akamwita binti yangu, naye akaingia peke yake, akaniambia nibaki nimekaa.